Sindano Iliyobaki Bugomela

Hapo zamani, tena si zamani za mbali, halmashauri ya Bugomela ilitenga fedha za kutibu meno ya watoto wa wasio na uwezo. Sharti lilikuwa moja: mtoto awe ameandikishwa. Wilaya jirani walikuwa wamemtibu mmoja asiyeandikishwa, mfuko wao ukafungwa, watoto wote wakakosa.

Daktari wa meno, Rwegasira, alikuja mara moja kwa mwaka. Mwaka huo alitibu tangu asubuhi bila kukaa. Alasiri akafungua boksi la dawa ya ganzi, akakuta imebaki ya sindano moja tu. Nje walikuwa wamebaki watoto watatu. Mvua ilikuwa imekata barabara ya hospitali ya mkoa, na hakuna aliyejua ingepitika lini. Jenereta nalo lilikuwa linaishiwa mafuta.

Wa kwanza ni Limi, msichana wa miaka tisa. Namba yake iliitwa asubuhi. Akamwona mtoto mdogo nyuma yake analia kwa jino, akampisha. Akaja mwingine, akampisha. Akapisha mpaka foleni ikaisha, na jino lake mwenyewe lilikuwa halimpi usingizi mwezi mzima. Alimnyooshea daktari kikaratasi kilicholowa jasho.

"Namba yangu bado ipo?" akauliza.

Wa pili ni Ngolo. Mama yake, muuza maandazi, ndiye aliyekwenda kila kikao cha madiwani kwa miaka miwili, akatolewa nje, akarudi, mpaka fedha zikatengwa. Siku hiyo alichelewa kwa kuzunguka nyumba kwa nyumba akiwahimiza wengine walete watoto wao. Jino la Ngolo, la ukubwani, lingeweza kuzibwa leo. Mwakani lingekuwa la kung'olewa.

"Nimepigania watoto wa watu," mama akasema. "Wangu nikamwambie nini?"

Wa tatu ni Holo, miaka sita, shavu limevimba hadi jicho limefumba, mwili unachemka. Bibi yake ndiye aliyekataa kumwandikisha. Alisema meno ya utotoni yataanguka yenyewe. Sasa alikuwa amembeba mgongoni, miguu yake imejaa tope, hawezi hata kumtazama daktari.

"Kosa ni langu," akasema. "Mimi ning'oe yote bila ganzi. Huyu hakuulizwa."

Daktari alivuta dawa kwenye sindano. Akamtazama Limi, akamtazama Ngolo, akamtazama Holo. Akaanza tena kwa Limi. Jenereta likakohoa, taa ikafifia, nesi akamwomba aharakishe.

Alimwita mmoja. Wawili wakarudi nyumbani na maumivu yao, na Bugomela wanabishana mpaka leo.

Nanyi mnaonisikiliza, msiniulize aliitwa yupi. Nijibuni kwanza ninyi, kana kwamba sindano mnayo mkononi: je, kati ya watatu wale, nani alistahili?