Mkeka wa Mwisho wa Mama Kindi

Paukwa!

Pakawa.

Pakawa na nini?

Pakawa na mkeka.

Mkeka wa nani?

Tuambie wewe, ndiyo maana tumekaa.

Haya, na wewe uliyelala hapo nyuma amka, maana sirudii. Palikuwa na Kindi na mama yake. Mama Kindi alikuwa fundi wa mikeka. Alisuka ukili mpaka vidole vikapinda, akashona mikeka saba, akaisimamisha ukutani. Kisha akaugua kifua, akawa wa kulala, na simu chini ya mto. "Mwanangu," akasema, "sitaki kingine. Nataka niisikie hii simu ikilia mara moja tu, nijue kuna mtu kaupenda mkono wangu."

Simu ingelia kutoka wapi? Kutoka duka la Kiboko. Njia ya sokoni ilipita kivukoni, na Kiboko alikuwa amekikalia kivuko, hapiti mtu. "Uzeni kwenye duka langu la mtandaoni," akasema, "na kila kinachouzwa nina fungu langu." Mama Kindi akaweka mikeka yake humo. Mwezi ukapita, simu kimya. Mchwa wakaja, kwacha kwacha kwacha, wakautafuna mkeka mmoja. Mwezi ukapita, simu kimya. Mchwa, kwacha kwacha kwacha, wakautafuna wa pili. Ikawa hivyo hivyo mpaka ukabaki mmoja.

Kindi akaenda kivukoni. "Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Mzee, watu wanaingia dukani kwako, hawanunui. Hawaoni bei."

"Bei haiandikwi hadharani, kijana. Mteja namwita chemba, namuuliza kanona au kakonda, ndipo namtajia. Na wasioweza kungoja hawana adabu."

Kindi akarudi nyumbani. Mama akauliza, "Imelia?"

"Bado, mama." Ilimuuma kusema vile, tena iliuma sana.

Kulipokucha Kindi akapiga picha tikiti maji, akaiweka dukani, akaandika: Wa kwanza kununua ndiye wake. Kilikuwa kiangazi, nyasi zimekauka. Kiboko akaiona ile picha, mate yakamtoka chururu.

Akagusa. Ngoma zikalia, ndu ndu ndu, na picha zikaanza kucheza. Duka likauliza, Hujambo? Akagusa. Watoto hawajambo? Akagusa. Babu yako aliitwa nani? Akaandika. Duka likasahau, likauliza tena, akaandika tena. Bei haikuwepo: njoo chemba. Akaenda chemba, simu yake mwenyewe ikalia, maana chemba ilikuwa yake.

"Umenona au umekonda?" akauliza Kiboko.

"Nimenona," akajibu Kiboko.

"Basi bei juu."

Akajikasirikia, akajitukana, mwisho akakubali. Kitufe cha kununulia kilikuwa kama punje ya ufuta. Kidole chake kikafunika vitufe vinne kwa pamoja, duka likarudi mwanzo. Ndu ndu ndu. Hujambo? Nyinyi mnacheka, lakini Kindi, aliyekuja kivukoni akakaa pembeni, hakucheka. Alikuwa anawaza kile kifua cha mama yake.

Jua lilipofika utosini Kiboko alikuwa ameketi matopeni analia. "Kindi, tikiti litachukuliwa na mwingine. Ondoa humo kila kinachonizuia."

"Nitajie neno la siri la duka, mzee."

Akalitaja. Kindi akaingia, na kitu cha kwanza akalibadilisha lile neno. Hakufanya uchawi. Ngoma akatoa. Salamu akatoa. Babu akamwacha apumzike. Akaweka picha safi ya kila kitu, bei chini yake, na kitufe kimoja kipana: Nunua. Kiboko akagusa mara moja tu, akakabidhiwa tikiti lake, nalo lilikuwa la msimu uliopita, limeoza mpaka mbegu.

Kindi hakungoja kumwona akilipasua. Alikimbia nyumbani, puta puta puta, ana la kumwambia mama. Akawakuta majirani wamekaa nje. Ndani, Mama Kindi alikuwa amelazwa chini, na wamemtandikia ule mkeka uliobaki.

"Tumetafuta mwingine, hakuna," akasema Mama Nungunungu. "Pole, mwanangu."

Kindi akakaa chini, akalia. Ndipo simu ikalia chini ya mto. Ti-ling. Ulikuwa ujumbe wa Bi Kanga wa ng'ambo: "Nautaka huo mkeka. Naujia tangu masika, leo ndiyo nimeiona bei." Na kabla hajamaliza kusoma, ti-ling, mwingine. Ti-ling, mwingine tena.

Akaitia simu mfukoni. Walimbeba mama kwenye mkeka wake, wakamzika. Waliporudi, Kindi akaitoa simu, na chini ya picha akaandika neno moja kwa herufi kubwa, mahali ambapo kila mtu angeliona: Umekwisha.

Mzigo nimeutua hapa. Ukiwa mwepesi, bebeni. Ukiwalemea, niachieni mwenyewe. Mnataka na funzo? Funzo ni hili: ukifungua duka, ficha bei, piga ngoma, muulize mteja jina la babu yake. Asiye na haraka atangoja. Mama Kindi hakuwa na haraka, na mpaka leo hajalalamika.