Mwaka Ambao Kumbikumbi Hawakutoka

Mpo, wanangu?

— Tupo!

Na masikio mmekuja nayo?

— Tumekuja nayo!

Basi sogeeni. Wewe unayemfinya mwenzako huko nyuma, acha, nakuona.

Hapo zamani, zamani sana, paliondokea familia ya Pimbi. Pimbi mnamjua: mnyama mdogo wa kwenye mawe, mkia hana, lakini maneno anayo. Baba Pimbi na Mama Pimbi walikaa kwenye jabali kubwa na watoto wao wawili. Wa kwanza alikuwa binti, akaitwa Kwaju, kwa sababu alizaliwa siku mkwaju ulipoangusha tunda la kwanza. Wa pili alikuwa mvulana, akaitwa Kumbi, maana alizaliwa siku kumbikumbi walipotoka ardhini baada ya mvua.

Pimbi hawakuwa na kalenda. Tunda la kwanza likidondoka, Kwaju katimiza mwaka. Kumbikumbi wakiruka, Kumbi katimiza mwaka. Basi.

Na siku hiyo ilikuwa tamu, jamani! Mwenye siku yake alimwagiwa maji kichwani ghafla, akapiga kelele, wenzake wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kisha wote wanne wakakaa juu ya jiwe bapa, juani, kila aliyekuwepo akasimulia alichokiona siku mtoto yule alipozaliwa. Baba Pimbi alisema maneno yale yale kila mwaka: "Mimi nilikuwa nimekwama kwenye ufa kwa sababu ya tumbo langu hili. Nilisikia tu mtoto analia." Na ikiwa ni siku ya Kumbi, Kwaju naye alisema: "Mimi niliona hana meno, nikamwambia Mama amrudishe." Walicheka kila mwaka kama vile hawajawahi kuyasikia. Ah, siku zile! Hata mimi ninayesimulia natamani zirudi, walau kwa nusu saa.

Sasa mwaka mmoja mvua ikagoma.

Mkwaju ulizaa, maana mkwaju haujali ukame. Kwaju akamwagiwa maji, akasimuliwa, akatimiza miaka sita. Ikabaki zamu ya Kumbi. Mawingu yalikuja, yakachungulia, yakaenda zake. Kumbikumbi hawakutoka.

"Dada," Kumbi akauliza, "siku yangu lini?"

Kwaju siku hiyo alikuwa ameamka na ulimi wa pilipili. Akamjibu, "Hakuna kumbikumbi, hakuna siku. Mwaka huu hukui. Mimi nina miaka sita, wewe utabaki na mitatu yako. Nikiwa bibi kizee, utakuja kuniamkia ukiwa na mitatu."

Alikuwa anatania. Lakini Kumbi hakucheka. Alijitazama miguu, akaiona kweli ni mifupi, akaenda kukaa peke yake.

Na Tai alikuwa juu, amesikia kila neno.

Siku ya kwanza Tai akatua karibu, sauti imejaa asali. "Mjukuu wangu, unalilia nini? Kumbikumbi wapo. Wamejificha kwenye kichuguu kile cha karibu. Nenda ukakigonge kwa miguu, watadhani ni mvua, watatoka."

Kumbi akaenda, akagonga, tu, tu, tu, akiimba:

*Kumbikumbi tokeni, tokeni,*
*nami nikue, tokeni!*

Hakutoka hata mmoja. Tai hakumgusa, maana jabali lilikuwa karibu mno. Kumbi akarudi salama.

Siku ya pili Tai akasema, "Mjukuu wangu, samahani, nilikosea. Ni kichuguu kile cha pili, mbele kidogo." Kumbi akaenda mbele kidogo, akagonga, tu, tu, tu:

*Kumbikumbi tokeni, tokeni,*
*nami nikue, tokeni!*

Hakutoka hata mmoja. Akarudi salama, na sasa uwanda hakuuogopa tena. Hicho ndicho Tai alichokuwa anakitaka.

Siku ya tatu Tai akasema, "Mjukuu wangu, leo nimewaona kwa macho yangu. Kichuguu cha mwisho, kule kusiko na mawe. Nenda peke yako, usimwambie mtu."

Saa hiyo Kwaju alikuwa jiweni akiota jua. Akaona kuna kitu kimepungua. Hakuna anayemvuta sikio, hakuna anayemuuliza maswali arobaini. Akatazama huku, akatazama kule. Mbali uwandani akaona kadudu kadogo kanaruka juu ya kichuguu, na juu yake kivuli kinazunguka, kinazunguka.

Akapiga yowe. "Kumbi! Tai huyo! Rudi!"

"Sirudi!" Kumbi akajibu. "Nangoja siku yangu! Wewe si una sita!"

Kwaju akajutia ulimi wake. Akaruka chini, akakimbia uwandani yeye mwenyewe, mahali ambapo pimbi hawaendi. Kivuli kikashuka. Akajua akisema habari za hatari hatasikilizwa. Akapaza sauti, "Kumbi! Siku yako ni leo! Mama ameshateka maji!"

Wanangu, mtoto ni mtoto. Kumbi aliacha wimbo katikati, akatimua mbio kuelekea kwa dada yake. Tai akajitupa chini kama jiwe. Kati ya ndugu hao wawili palikuwa na shimo la zamani la mhanga, yule mnyama mchimbaji anayekula mchwa. Kwaju akamdaka mdogo wake mguu, wakabiringika wote wawili ndani. Tai akakita kucha zake kwenye ardhi iliyokauka kama chungu kilichochomwa, zikapasuka. Akaruka akiyumba, akakaa siku nyingi na njaa yake, na hakumwita mtu mjukuu tena.

Mle shimoni Kumbi akajikung'uta vumbi. Neno lake la kwanza lilikuwa hili: "Dada, maji yenyewe ni mengi?"

Kwaju akachungulia nje, akamtoa mdogo wake shimoni.

Walipofika nyumbani akamweleza Mama yote, tangu utani mpaka uongo, huku analia. Mama akaangalia kishimo cha jiwe walichokuwa wakihifadhia maji. Yalibaki ya kunywa jioni ile tu.

"Mama Kwaju," Baba akasema, "ukiyamwaga hayo tunalala na kiu."

"Tutalala nayo, Baba Kwaju," Mama akasema. "Mtoto ameambiwa siku yake ni leo."

Akayachota kwa jani, akanyata nyuma ya Kumbi, akammwagia yote kichwani. Kumbi alipiga kelele mpaka jabali likaitika! Wakakaa juu ya jiwe bapa, koo zimekauka. Mama akasimulia. Baba akasimulia habari za ufa na tumbo lake. Ikafika zamu ya Kwaju, wakajiandaa kucheka.

Kwaju akasema, "Siku ile kumbikumbi walikuwa wengi mpaka jua halikuonekana. Wanyama wote walikimbilia kula, Baba alikuwa amekwama ufani, na Mama alikuwa amelala kwa uchovu. Mimi sikwenda. Nilikaa nawe, Kumbi, nikahesabu vidole vyako. Vilikuwa kumi na vinne, kama vya kila pimbi. Nikavihesabu tena na tena, nikiogopa kimoja kisije kikapotea."

Hakuna aliyecheka. Kumbi akamsogelea dada yake, akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo sasa nina minne?"

"Unayo minne," wakajibu wote.

Mvua ilikuja baada ya mwezi, na kumbikumbi wakatoka kwa fujo. Kumbi aliwala kama chakula kingine chochote.

Tangu siku ile, pimbi wakiota jua, mmoja wao hukaa macho akitazama juu. Baba na Mama walizeeka, wakatangulia. Kumbi akahamia jabali lake, akapata watoto wake. Na Kwaju, hata alipokuwa bibi kizee mwenye magoti yanayolalamika, kila mwaka aliuvuka uwanda kwenda kumsimulia mdogo wake siku aliyozaliwa, mvua inyeshe, isinyeshe, kwa kuwa hakuna mwingine aliyebaki anayeijua.

Funzo ni hili, wanangu: kinachomkuza mtoto ni wale wanaokumbuka alivyozaliwa na wanaokaa naye kumwambia. Na wewe uliye mkubwa, chunga utani wako, mdogo wako anauamini.

Hapa ndipo ninapoitua hadithi yangu. Aliyeipenda aibebe kwao; asiyeipenda aiache hapo mkekani, haili chakula cha mtu.