Mwanajeshi Haulizwi Cheti

Nikifungua?
*Tutaingia!*
Nikifunga?
*Tutalala!*
Na atakayesinzia katikati?
*Mfinye!*

Basi ingieni, mbanane. Lakini kabla sijafika mbali, kuna jambo limenikaa kooni tangu nilipoisikia ngano hii mara ya kwanza, na mpaka leo halijashuka. Huko Mwambani, nchi ya wanyama, palikuwa na sheria ya bastola. Sheria ilisema hivi: mnyama yeyote asinunue bastola kabla hajafanya mtihani wa usalama, isipokuwa mwanajeshi. Mwanajeshi amesamehewa, asiulizwe kitu.

Sawa. Ila Mwambani hapakuwa na jeshi. Hapakuwahi kuwa nalo. Hapakuwa na kambi, hapakuwa na tarumbeta, hapakuwa hata na kofia. Sasa walimsamehe nani? Nimewauliza waliokula chumvi nyingi kuliko mimi, wakacheka tu. Nanyi mkilipata jibu, msinifiche.

Bastola ya Mwambani ilikuwa kipande kifupi cha mwanzi, cha kushikwa kwa mkono mmoja. Ndani yake walijazwa nyigu wenye hasira, vuuu, vuuu. Nyuma palikuwa na fundo la mwanzi, mbele palikuwa na kizibo cha nta. Ulimwelekezea adui, ukang'oa kizibo, nyigu wakatoka kama waliotumwa. Aliyezitengeneza ni Fundi Nyegere, maana ngozi yake ni nene, na nyigu walikwisha kuchoka kumuuma.

Ukitaka kununua, Nyegere alikukalisha chini akakuuliza: mdomo uko wapi? Ukiibeba, mdomo uelekee wapi? Na juani itakuwaje? Ukijibu vizuri alikupaka udongo mwekundu sikioni. Hicho ndicho kilichokuwa cheti.

Bi Nguchiro alikuwa na sikio jekundu. Alifaulu mtihani ule vizuri, lakini bastola hakununua, kwa kuwa ilikuwa ndefu kuliko mgongo wake.

"Cheti bila bastola, mama?" walimcheka majirani. "Ni kama upawa bila chungu!"

"Siku nikipata chungu, upawa ninao," alijibu, akaenda zake. Alipenda tu kujua mambo.

Kiangazi kikaingia. Visima vikakauka, mito ikakauka, ikabaki chemchemi moja chini ya mwamba. Fisi akaitazama chemchemi ile, akalitazama tumbo lake, akaondoka kwenda kwa Nyegere.

"Hodi, fundi."

"Karibu. Una sikio?"

"Ninayo mawili."

"Jekundu?"

Fisi akakohoa. Alikuwa mkubwa, alikuwa na meno ya kuvunja mfupa wa nyati, lakini mtihani aliuogopa kuliko moto. "Mimi," akasema, "ni mwanajeshi."

"Wa jeshi gani?"

"Sheria inamtaja mwanajeshi, haimtaji?"

"Inamtaja."

"Basi yupo. Na kama si mimi, nionyeshe ni nani."

Nyegere akatazama kushoto, akatazama kulia. Mwanajeshi mwingine hakumwona. Simlaumu, yeye alikuwa fundi wa mianzi, si fundi wa maneno. Akapokea kibuyu cha asali, akatoa bastola.

"Walau nikwambie mawili matatu..."

"Mwanajeshi haulizwi!"

"Sikuulizi, nakwambia."

"Wala haambiwi!"

Fisi akaenda kuketi penye chemchemi, bastola mkononi. Akaja Ngiri, ulimi nje.

"Maji si ya bure," akasema Fisi. "Lete nyama."

"Bwana Fisi, una cheti cha hiyo bastola?"

"Mwanajeshi haulizwi cheti!"

Ngiri akarudi na kiu yake. Akaja Swala.

"Lete nyama."

"Mimi nala majani, bwana. Nyama sina."

"Unayo. Umeivaa."

Swala hakungoja kusikia zaidi. Akakimbia na kiu yake.

Akaja Bi Nguchiro. Watoto wake walikuwa kwenye kichuguu, wamenyamaza, na watoto wa nguchiro wakinyamaza ujue hali ni mbaya. Tangu asubuhi walikuwa wakilamba mawe.

"Mzee wangu Fisi, nakuomba maji ya watoto tu. Mimi mwenyewe nitavumilia."

"Lete nyama."

"Mwili wangu mzima haukufiki kooni, mzee wangu."

"Basi ondoka, nisije nikakufyatulia!" Fisi akainyanyua bastola, akamwelekezea.

Bi Nguchiro alitaka kukimbia. Mguu mmoja ulikwisha kugeuka. Lakini jicho lake lilibaki kwenye mwanzi, likaona kitu: kilichomwelekea yeye kilikuwa fundo. Mdomo wenye nta ulilitazama tumbo la Fisi. Kisha akamwona akiichomeka bastola kiunoni, nyuma, karibu na mkia, mdomo chini. Bi Nguchiro akashukuru kwa adabu, akaenda nyumbani anawaza.

Saa nane mchana, jua limeinama kidogo lakini bado kali, wanyama walikuwa wamekaa mbali wakiyatazama maji. Mara akatokea Bi Nguchiro, kifua mbele, kichwani amevaa kipande cha kibuyu kilichovunjika. Alitembea kwa kishindo, kadiri mwenye miguu ile anavyoweza kutoa kishindo: ti, ti, ti, ti!

"Mwanajeshi!" akapaza sauti. "Mguu sawa!"

Fisi akageuka. "Unamwambia nani?"

"Wewe. Mimi ni afande wako."

Fisi akacheka mpaka akashika mbavu. "Kidude kama wewe! Tangu lini Mwambani pana afande?"

"Tangu palipopatikana mwanajeshi." Akawageukia wanyama. "Jamani, mwenye silaha asiye na afande, anayejiamrisha mwenyewe, anaitwaje?"

"Jambazi!" wakaitikia wote.

Kicheko cha Fisi kikapungua. "Thibitisha kwamba wewe ni afande."

"Kama ulivyothibitisha wewe. Sheria inataka mwanajeshi, na mwanajeshi anataka afande. Basi yupo. Na kama si mimi, nionyeshe ni nani."

Fisi akatazama kushoto, akatazama kulia. Afande mwingine hakumwona.

"Unaweza kukataa amri," akasema Bi Nguchiro, sasa kwa upole. "Hapo hapatakuwa na jeshi. Na pasipo jeshi, unairudisha bastola, unakaa mbele ya Nyegere, unafanya mtihani kama sisi. Na sisi wote tutakuja kukusikiliza ukijibu."

Mtihani! Tena mbele za watu! Fisi akanyoosha mgongo. Akabana visigino. Tap!

"Ndiyo, afande."

"Silaha kiunoni!"

Fisi akaichomeka mahali pake, nyuma, mdomo chini.

"Mguu pande! Mguu sawa! Nyuma geuka! Mgongo kwenye jua! Sasa tulia kama jiwe. Nakagua gwaride."

Fisi akatulia. Jua likamchoma mgongo, likauchoma mwanzi, likaichoma nta. Wanyama wenye masikio mekundu wakatazamana. Mmoja akarudi nyuma hatua moja. Mwingine akarudi. Wakarudi polepole, kama watu waliokumbuka kwamba wameacha chungu jikoni. Ngiri, ambaye hakuwa na cheti, akawaona akasema moyoni, wasomi wakiondoka nami naondoka.

Tone. Tone.

"Afande, natoka jasho."

"Jasho la wapi?"

"La mkiani."

"Hilo ndilo jasho la ushujaa. Usitikisike."

Tone. Tone. Vuuu.

"Afande, nasikia mtu anaimba."

"Ni bendi ya jeshi," akasema Bi Nguchiro, naye sauti yake sasa ilitokea mbali, ndani ya pango. "Simama vizuri, inakupigia wewe!"

Vuuu! Vuuuuu! VUUUUUU!

"Uwiiii! Afande! Uwiiii! Mkia wangu!"

Fisi aliruka, akaanguka, akaruka tena. Alikimbia kuzunguka mwamba na bendi nyuma yake, akakimbia mpaka vumbi lake likawa dogo kama moshi wa sigara. Bi Nguchiro akatoka pangoni, akavua kofia yake ya kibuyu, akaitumbukiza kwenye chemchemi, ikajaa. Akaibeba kwa mikono miwili mpaka kwenye kichuguu, asimwage. Watoto walipomaliza kunywa walianza kupiga kelele, na hapo ndipo naye akakumbuka kwamba ana kiu.

Fundisho la ngano yetu?
*Tupe!*

Fundisho ni hili: wanangu, msisome. Mtihani ni wa wanyonge. Ukiona sheria imemsamehe mtu ambaye hayupo, kimbia ukawe mtu huyo kabla hujawahiwa. Ila ufike na kofia, kwa sababu asiye na kofia ataamrishwa na mwenye kipande cha kibuyu.

Mnaguna? Haya, mnataka kujua baraza liliamua nini.

Wanyama walikaa chini ya mwamba, mwenyekiti akiwa Mzee Kobe. Wengine walisema ule msamaha wa wanajeshi ufutwe. Mzee Kobe akafikiri, kichwa ndani, kisha akakitoa. Alisema, "Tukiufuta, tutakuwa tumekiri kwamba babu zetu walimsamehe mtu asiyekuwepo. Hilo ni aibu. Msamaha ubaki. Lakini jeshi sasa tunalo, kila mtu ameliona. Basi lifanye kazi."

Ikaamuliwa kwamba bastola irudi kwa Nyegere. Ikaamuliwa kwamba mwanajeshi wa Mwambani atalinda chemchemi, kila mnyama anywe kwanza, na yeye anywe mwisho. Fisi, ambaye kiu ilikuwa imemrudisha, alikubali, maana walimpa nafasi ya kuchagua kati ya hilo na mtihani.

Na aliyeisimamia amri hiyo ni Bi Nguchiro. Kila asubuhi alipanda juu ya kichuguu, kofia kichwani, akapaza sauti: "Mguu sawa!" Fisi alijitahidi. Lakini huko nyuma nyigu walikuwa wamemaliza kazi, hapakunyooka tena. Mtazameni hata leo: miguu ya mbele imesimama mguu sawa, ya nyuma bado iko mguu pande.

Nimefunga.
*Tumelala!*
Mbona mnacheka?
*Tumelala!*