Bomba la Pikapu ya Mama Tweve

"Ukiziba bomba, moshi hutafuta pua." Mmelisikia neno hilo leo kikaoni, mwenyekiti alipomkatiza mwananchi asimalize lalamiko lake, nanyi mkamcheka mzee aliyelitamka mkidhani akili zimemruka. Haya, chekeni mmalize. Mkishamaliza, wekeni hizo simu chini niwaambie lilikotoka, maana halikutoka vitabuni. Lilitoka hapa hapa kwetu Makete, kwenye gereji ya Ombeni Mahenge.

Ombeni alikuwa fundi, tena fundi hasa, ila alikuwa na ugonjwa mmoja: hakupenda kulalamikiwa. Mteja akifungua mdomo, yeye anafungua redio. Na aliyemchosha kuliko wote alikuwa Mama Tweve, mjane mwenye pikapu ya kubebea viazi, aliyeiendesha mwenyewe. Kila wiki yuko gerejini, wala hasemi kwa kunong'ona. Injini inakata pumzi mlimani. Bomba la moshi limetoboka, linanguruma mpaka ng'ombe wanakata kamba. Akishuka, kichwa kinamgonga. Wateja wengine wanayasikia yote hayo, wanatazamana, na Ombeni anaona jina lake linachafuka.

Basi siku moja akafanya jambo ambalo fundi hafanyi. Badala ya kutibu gari, akatibu kelele. Akalaza kipande cha bati la kopo juu ya lile tundu, chini ya sakafu, akakifunga kwa waya. Kisha mwisho wa bomba akashindilia bonge la nyuzi za chuma, hizi hizi mnazosugulia masufuria. Pikapu ikawaka bila mlio wa maana. Mama Tweve akashukuru, akaenda zake, na wiki mbili nzima hakuonekana.

Aliporudi, hakupiga kelele, na hilo peke yake lilitosha kumtisha mwenye akili. Alisimama mlangoni, uso umempauka. Akasema kuku wawili aliowabeba mbele, karibu na miguu yake, amewakuta wamekufa huku wamekaa vilevile kama wanaatamia. Akasema pia kwamba marehemu mume wake ameanza kupanda gari. Ukungu ukishuka, yuko kiti cha pili, kimya, anatazama mbele. Akishusha kioo, hayupo. Ombeni akamjibu kwamba wafu ni wa mchungaji, yeye ni wa magari. Mchungaji akaiombea pikapu, na kuku wa tatu akafa.

Ukafika mwezi wa sita, na baridi yake mnaijua. Sayuni, mke wa Ombeni, akashikwa na uchungu asubuhi. Ilikuwa mimba yao ya kwanza baada ya miaka tisa ya kungoja na kusemwa. Gari lililopatikana ni lile lile. Wakapanda watatu mbele, Mama Tweve kwenye usukani, Sayuni katikati, Ombeni mlangoni. Na kwa desturi yetu, mwanamke mwenye uchungu hapigwi na upepo. Ombeni akapandisha vioo, halafu akachukua khanga za mkewe akaziba kila mwanya mpaka akaridhika.

Ukungu ulikuwa mzito, barabara haionekani mita kumi mbele. Ombeni akasikia usingizi, usingizi mtamu ajabu. Kisha mtu akamsemea sikioni, "Kazi safi, mwanangu. Halilii kabisa." Ilikuwa sauti ya baba yake, na baba yake walikwishamzika. Hakushtuka hata kidogo. Miaka yote baadaye, hilo ndilo lililomtia hofu kila alipolikumbuka.

Sayuni alikuwa ameacha kugumia. Alimlalia mumewe begani akasema taratibu, "Ombeni, mbona tumekuwa wengi humu? Waambie wasogee."

Penye mashamba ya pareto injini ikakata pumzi, kama Mama Tweve alivyolalamika siku zote, ikatikisika na kuzima. Ule mtikisiko ukamzindua Ombeni. Akatazama chini, akaona moshi mwembamba unapanda kando ya fimbo ya gia, usawa wa pale alipolaza bati lake. Akaupiga mlango teke. Akamburuta Sayuni nje, na Mama Tweve akatoka akitambaa, anatapika.

Mtoto akazaliwa pale pale, kwenye majani yenye umande, katikati ya maua meupe. Mama Tweve akampokea. Mtoto hakulia. Alikuwa na joto, vidole vyote kumi, na hakulia. Ombeni akapiga magoti kwenye tope, akakiri kwamba ni yeye aliyeliziba bomba.

"Lia, mwanangu," alisema. "Lia. Nilalamikie."

Mama Tweve alikuwa anampulizia mtoto pumzi. Bila kumtazama baba, akasema, "Nilikuambia gari linaumwa, Ombeni. Ukiziba bomba, moshi hutafuta pua."

Ombeni akasimama, akaenda nyuma ya gari, akaingiza mkono mtupu ndani ya bomba la moto. Ngozi ya kiganja ikabaki humo, lakini lile bonge akalitoa. Alikuwa bado amelishika alipomsikia mtoto anakohoa. Kisha kikaja kilio, kikavu, chenye mikwaruzo, na baba yake akakaa chini barabarani akalia naye.

Walipofika hospitali, vioo vyote vilikuwa chini, upepo unampiga mzazi, na pikapu inanguruma kama fahali. Hakuna aliyekumbuka desturi. Tangu siku hiyo, mteja akija kulalamika gerejini, Ombeni anazima redio, anamvutia kigoda, anasikiliza mpaka mwisho, hata kama ni upuuzi.

Yule mzee mliyemcheka leo, kesho nendeni mkamsalimie. Akiwapa mkono, kitazameni kiganja chake. Halafu mrudi mniambie tena kama ana wazimu anaposema: ukiziba bomba, moshi hutafuta pua.