Bi Mize Afanya Mtihani wa Sultani

Palikuwa na Sultani akiitwa Harithi, tumbo mbele, akili nyuma, na pua ikitangulia vyote. Sultani huyu alitoa amri ambayo hata waliozoea vituko vyake iliwafanya wakune vichwa: mtu akitaka haki yake, sharti kwanza afanye mtihani. Umeibiwa mbuzi? Mtihani. Jirani kasogeza ua wake kiwanjani kwako? Mtihani. Swali anatunga Sultani, anasahihisha Sultani, na anayefeli analala jela. Na kila mtu alifeli.

Siku moja akaja Vuai, fundi viatu. Ombi lake lilikuwa dogo: kichochoro cha mafundi kifunguliwe. Sultani alikuwa amekiziba kwa sababu harufu ya ngozi ilimkatizia usingizi wa mchana.

"Eleza uso wangu," Sultani akamwambia.

Vuai si msemaji. Aliutazama ule uso, akautazama tena, akasema, "Pua."

Baraza zima likaangua kicheko. Sultani hakucheka.

"Nimesema eleza, wewe umetaja. Mfungeni, mpaka apatikane mtu wa kumfanyia mtihani wake. Na huyo naye akifeli, wakae pamoja."

Mke wa Vuai, Bi Mize, alikuwa akiuza uji nje ya lango la jumba. Ulimi wake ulijulikana soko zima. Watu walinunua uji na kejeli wakapewa bure. Habari ilipomfikia, upawa ulimdondoka mkononi. Majirani wakamshauri akalie miguuni kwa Sultani. Akakataa. Askari waliokuja kunywa uji walikuwa wamemsimulia mitihani yote. Huyu aliambiwa taja, akaeleza mpaka Sultani akasinzia. Yule aliambiwa tofautisha, akalinganisha. Majibu walikuwa nayo vichwani, ila hofu iliwafanya wadake mkia wa swali na kukiacha kichwa.

Asubuhi akajifunga kanga kiunoni, akaingia barazani.

"Wewe ndiye mke wa Pua?" Sultani akauliza.

"Pua ni yako, Maulana. Mume wangu ni Vuai."

Sultani akajifanya hakusikia. "Swali. Taja mtu mwenye akili kuliko wote mjini humu."

"Nitaje tu?"

"Utaje tu. Ukieleza hata kidogo, umefeli."

"Vuai."

Waziri akakohoa. Sultani akainuka nusu kitini. "Fundi viatu? Ana akili gani ya kunishinda mimi?"

Bi Mize akakaza fundo la kanga yake.

"Nakuuliza wewe, bibi."

"Hilo linataka maelezo, Maulana, na maelezo umenikataza."

Sultani akamtazama Waziri. Waziri akatazama dari. Basi Sultani akafikiri, akacheka peke yake, akajipapasa tumbo. Alikuwa amepata swali lisilo na mlango wa kutokea.

"Linganisha mimi na punda."

Akisema wanafanana, kamtukana Sultani. Akisema hawafanani, hajalinganisha. Kote kote ni jela. Bi Mize akauliza kwanza.

"Kulinganisha ndiko kusema mnavyofanana?"

"Tunavyofanana. Tofauti sizitaki."

"Basi nyote wawili mnafugwa na watu wa mji huu. Mnakula mlicholimiwa na wengine. Na mkishtuliwa usingizini, mnapiga mateke."

Askari wa mlangoni akageukia ukuta, mabega yakimtikisika.

"Unanitukana mbele ya baraza langu?"

"Mimi nimejibu tu, Maulana. Punda nimemkuta ndani ya swali. Aliyemwingiza humo ni mtungaji."

Sasa jasho lilikuwa likimtiririka Sultani kwa kufuata njia ya pua. "Jadili uadilifu wangu," akafoka.

Bi Mize akaketi sakafuni, akakunja miguu, akajiweka sawa kama mtu aliyepewa kazi ya kutwa nzima.

"Unafanya nini?"

"Jadili ina pande mbili, Maulana. Upande wa kukubali utakwisha sasa hivi. Upande wa kupinga ni mrefu, na mimi nina miguu mibovu."

"Acha kujadili," Sultani akasema upesi. "Nimelifuta hilo. Thibitisha. Lisikie neno vizuri: thibitisha kwamba mimi ni Sultani mwadilifu. Sitaki maoni, sitaki hadithi. Nataka ushahidi, niuone kwa macho yangu."

Ushahidi huo hakuna aliyewahi kuuona, si barazani wala sokoni. Bi Mize akasimama taratibu, akikung'uta kanga ili apate muda. Kisha akauinua uso.

"Ushahidi upo, Maulana, ila siwezi kuutoa."

"Kwa nini?"

"Umeufungia jela. Mwambie askari afungue, utauona ukija hapa kwa miguu yake."

"Na nisipofungua?"

"Basi mimi sijafeli. Uongo utakuwa umo ndani ya swali lako."

Wazee wa baraza wakainamisha vichwa, kila mmoja akikagua vidole vyake vya miguu. Sultani akawageukia askari.

"Mleteni fundi viatu. Na kichochoro chao kifungueni, nisiisikie tena sauti ya mwanamke huyu."

Vuai akaletwa, ndevu zimemvurugika, macho yakipambana na mwanga. Bi Mize akamshika mkono kwa nguvu, kama anayeogopa watu watabadili mawazo, akamvuta kuelekea mlangoni.

"Ngoja kwanza," Sultani akamwita. "Sema watu wote wasikie. Uadilifu wangu umethibitika?"

Bi Mize akageuka kizingitini.

"Umeanza kuthibitika, Maulana. Jela bado imejaa ushahidi."