Uzito wa Naisi

Hapo zamani, katika enzi ya Sultani Athumani wa Kiwandeo, alifika mgeni Mwingereza, akaandaliwa pilau, akala, akafuta masharubu, akasema neno moja tu: "Naisi."

Basi neno hilo likamkaa Sultani kooni kama mwiba wa samaki. Je, kasifiwa au kadharauliwa? Wakaitwa makarani watatu, wakafanya kikao siku tisa, wakaleta visawe arobaini vyenye mihuri: zuri, jema, tamu, la kupendeza, na kadhalika. Karani mkuu akaongeza, "Lakini Maulana, Mwingereza akipenda hasa, ana maneno makubwa zaidi. Hili ni la kushindia tu."

Ikawa ghadhabu. Mpishi wa pilau ile, Mwanakheri, akaambiwa Ijumaa isimkute mjini.

Mumewe, Shelali, fukara asiye na kanzu ya pili, akaenda barazani.

"Maulana, mke wangu kakosa nini?"

"Kaniletea neno jepesi! Kama waona si jepesi, nipimie uzito wake niuone kwa macho yangu."

"Hewala. Nipe mgeni wako kwa chakula kimoja cha mchana."

Mgeni akaja barazani, mbele ya Sultani. Shelali akamwekea pilau ya Mwanakheri. "Naisi," akasema mgeni. Akamwekea ukoko ulioungua, mweusi kama mkaa. Mgeni akatafuna, machozi yakamlenga. "Naisi." Kisha mkalimani akamsomea shairi alilojitungia Sultani kujisifu, beti mia kamili. Mgeni akaficha miayo kiganjani, akainama kwa adabu: "Naisi."

Shelali akamgeukia Sultani.

"Neno hili, Maulana," akasema Shelali, "ni kama kawa: hufunika chochote kilichomo sahanini. Ukilihukumu jepesi, shairi nalo limo mizanini. Ukilihukumu zito, mke wangu arudi jikoni."

Sultani akamtazama karani mkuu. Karani mkuu akatazama dari. Mara Sultani akaangua kicheko hata kilemba kikamlegea. "Mjanja we! Ni sifa, tena sifa kubwa. Andikeni!"

Mwanakheri akaandikiwa waraka wa msamaha, na makarani wakaamriwa wamalize ukoko.

Kisha Sultani akamvuta Shelali pembeni. "Haya, niambie kweli. Wewe shairi umelionaje?"

Shelali akaukunja waraka, akautia kifuani, ndipo akajibu: "Ubeti wa mia ndio ulioniburudisha, Maulana, maana baada yake hapakuwa na mwingine."