Nguchiro Alivyopamba Kichuguu

Sogeeni, sogeeni karibu. We unayechezea ndala, iache. Hadithi hii haitaki makelele, na mimi mwenyewe leo siyataki.

Hapo zamani za kale, enzi wanyama walipokuwa na nyumba, vyungu na majirani wa kuudhi kama sisi tu, alikuwepo Nguchiro mmoja mdogo, mwembamba, mwepesi wa miguu na wa maneno. Jina lake Riziki. Alikuwa ameolewa juzijuzi na Nguchiro mwenzake, Makame, nao walikuwa wamepata nyumba yao ya kwanza: kichuguu kilichohamwa na mchwa.

Nyumba ni nyumba, lakini jamani, ile ilikuwa tupu! Ukikohoa sebuleni, kikohozi kinakuitikia chumbani. Hakuna kiti, hakuna kitanda, hakuna pazia. Giza totoro, na nje jua la saa sita linawaka.

Sasa, nguchiro walikuwa na desturi yao. Bibi harusi akishahamia kwa mumewe, shangazi yake huja kumtazama. Akikuta pa kukaa, pa kulala, na mwanga wa kuonana nyuso, hubariki na kwenda zake. Asipokuta, humshika binti mkono: "Twende nyumbani, mpaka huyu bwana ajipange." Na Shangazi Mwanamvua, aliyemlea Riziki tangu mdogo, alikuwa ameshatuma salamu kwamba Ijumaa anakuja.

Riziki alimpenda Makame wake. Alimpenda hasa, na hakutaka kabisa kurudishwa kwao.

"Niende kwa Bwana Tembo," Makame akasema. "Ana viti vingi mpaka vingine amevifunika mashuka. Hatakosa kuniazima kimoja."

Akaenda.

"Hodi! Shikamoo, Bwana Tembo."

"Marahaba. Nani huyo? Mbona sikuoni?"

"Mimi Makame, huku chini, jirani yako. Naomba kuazima kiti, Ijumaa tu. Tuna mgeni."

"Kiti? Changu mimi?" Tembo akacheka, hoo! hoo! hoo! mpaka kunguru wakaruka mitini. "Kikivunjika utanilipa nini, huo mkia? Nenda zako! Na usiguse hata jalala langu. Takataka zangu nazo ni zangu!"

Kwa Bi Kiboko mambo yakawa yale yale, ila yeye hakujisumbua hata kucheka. Alipiga mwayo, akazamisha kichwa majini, bubububu, mazungumzo yakaishia hapo.

Makame alirudi nyumbani mabega yameshuka, akamsimulia mkewe yote, mpaka lile la jalala. "Basi tena, mke wangu. Shangazi atakuchukua."

Riziki hakulia. Kuna neno lilikuwa limemnasa sikioni. "Umesema jalala? Tembo ana jalala?"

"Kama kilima! Na la Bi Kiboko nalo limefika mlangoni. Lakini wanayalinda utadhani wamezika dhahabu."

"Kata ukindu," Riziki akasema. "Tunasuka makapu."

"Makapu ya nini, na hatuna cha kutia?"

"Wewe suka. Maswali baadaye."

Wakasuka mpaka vidole vikawaka moto. Wakatoa makapu mawili, kila moja kubwa hata Makame angeweza kulala ndani na kujinyoosha. Kisha Riziki akakaanga karanga, akachemsha sukari, akapika kashata. Akaweka kidogo katika kila kapu, huko chini kabisa. Wakayakokota, burrr, burrr, moja kwa Tembo, moja kwa Bi Kiboko.

"Hodi, Bwana Tembo! Sisi majirani wapya. Tumekuletea kashata."

Mkonga ukaingia kapuni, ukatoka. "Mmh! Mmmh! Nani kapika?"

"Mimi Riziki, Bwana Tembo. Kula taratibu. Kapu langu utanirudishia ukimaliza."

Tembo akaacha kutafuna.

Mnajua kwa nini? Mnajua! Kwenu mama akiletewa futari na jirani, bakuli linarudije? Ehee. Linarudi na kitu ndani. Ukirudisha chombo cha mtu kitupu, mtaa utakusema wewe, utawasema watoto wako, na paka wako hatasalimika. Tembo alikuwa mchoyo, lakini kusemwa alikuogopa kuliko moto.

Akatazama viti vyake. "Sitoi!" Akatazama vyungu vyake. "Sitoi!" Akatazama jalalani, midomo ikamcheza. "Lakini nani kasema lazima kiwe kitu cha maana?"

Akaokota kofia yake kuukuu iliyotoboka utosini, darizi zimefifia. Akaokota kitambaa chake cha maua cha kufutia jasho, kilichochanika pembeni, na kifungo cha koti. Akavitumbukiza kapuni, akaja nalo na kulibwaga mlangoni kwa Riziki, puu! Akaondoka huku anajichekea. Bi Kiboko naye akaleta lake. Ndani mlikuwa na kikombe kilichokatika mkono na kipande cha kioo.

Makame alipochungulia, akafoka. "Wametutukana! Tumewapikia kashata, wametuletea taka!"

"Wamenirahisishia kazi," Riziki akasema. "Haya yote nisingepewa hata kwa kupiga magoti. Njoo uione kofia hii, mume wangu. Usiifikirie kichwani kwa Tembo. Ifikirie chini ya mgongo wako."

Makame akapanda, akajilaza, akafumba macho.

"Makame?"

"Sitaki kushuka," Makame akasema.

Alishushwa kwa kuvutwa sikio, maana kazi ilikuwa tele. Kofia ikajazwa sufi, kitanda hicho. Kitambaa cha maua kikafuliwa, kikatundikwa kati ya sebule na chumba. Kifungo kikalazwa juu ya jiwe, ikawa meza, na matundu yake yakachomekwa maua ya porini. Kikombe kikalazwa ubavu, kikatandikwa manyoya ya kanga, kikawa kiti cha kuegemea cha mtu anayeheshimiwa. Makame alichovya mkia kwenye chokaa, akauchovya kwenye udongo mwekundu, akachora kuta zote mistari na nukta mpaka pua ikawa nyekundu. Na kile kioo Riziki alikisimamisha mlangoni, akakigeuza hivi, akakigeuza vile, mara jua likaruka ndani, mwaa! Hata ufa mdogo ukutani ulionekana.

Ijumaa ikafika. Na nani mwingine alifika? Tembo na Bi Kiboko, bila kualikwa, wamekuja kushuhudia bibi harusi akirudishwa kwao. Tembo akainama, akaweka jicho moja mlangoni. Ndani Shangazi Mwanamvua alikuwa ameegemea kitini, miguu juu, anakunywa chai.

"Loo! Kofia yangu!" Tembo akapiga kelele. "Imekuwa nzuri! Nirudishieni!"

"Na kikombe changu!" Bi Kiboko akadakia. "Na kioo changu!"

Shangazi akatoka nje, mikono kiunoni. "Nyie wakubwa wazima, hodi hamkufundishwa?"

"Tunataka vitu vyetu, tulivitupa jalalani!" Tembo akasema. "Hiyo nyumba yote imepambwa kwa takataka!"

Majirani walikuwa wameshajaa. Sasa Shangazi alikuwa amejua. Hata hivyo Riziki akasimama wima.

"Niliwaletea kashata ndani ya kapu. Kapu mkalirudisha wenyewe, hakuna aliyewashika mkono. Kuna mtu hapa amewahi kumdai jirani kitu alichomrudishia katika chombo chake?"

"Hajawahi!" majirani wakaitika. "Aibu hiyo!"

Tembo akagugumia, "Kama mlikuwa na shida ya vitu, si mngesema?"

"Tulisema," Makame akajibu. "Ukacheka."

Masikio ya Tembo yakalala chini. Akageuka, Bi Kiboko nyuma yake, wakaenda zao bila kuaga.

Shangazi hakuwatazama. Alikuwa anamtazama binti yake. "Riziki. Hizi ni takataka?"

"Zilikuwa, Shangazi."

Shangazi akageukia mlango, akaitazama nyumba. Riziki akaushika mkono wa Makame, akaung'ang'ania.

"Mimi niliolewa kwenye nyumba iliyojaa," Shangazi akasema polepole. "Viti vya mama mkwe, mapazia ya mama mkwe. Sikuruhusiwa kusogeza hata kijiko. Mpaka leo nikikaa pale najiona mgeni." Machozi yakamlengalenga, akayafuta upesi kwa pindo la kanga yake.

Kisha akaingia ndani, akapita pazia la maua, akapanda kwenye kofia ya Tembo, akajinyoosha.

"Makame, mkwe wangu," akaita kutoka huko, "kawaambie nyumbani nimefika salama, na nyumba nimeibariki. Na leo wasiningoje."

Basi wanangu, hadithi nimeitua hapo, na funzo lake ni hili: nyumba hupendeza kwa jicho na mikono ya wanaoishi ndani yake, si kwa ukubwa wa vitu vyao.